Ngamia, Simba na jukwaa la Ngomeni: jinsi kompyuta zinavyojifunza kupima ulimwengu

Leo tunaweka kando programu za simu na hifadhidata. Kuna swali moja la kompyuta ambalo limenishika kwa muda na nataka tulichambue pamoja. Ukiipa mashine galaksi za kubuni, zilizotengenezwa na programu, ikajifunza kutokana nazo, je, itaweza kukuambia kitu cha kweli kuhusu ulimwengu huu tunaoishi? Au itakuambia tu jinsi aliyeandika programu alivyofikiri?

Mradi unaojulikana zaidi katika kazi hii unaitwa CAMELS, yaani Ngamia. Ndani yake kuna simulesheni inayoitwa Simba, na hapa simtafsirii mtu. Lakini si majina ya wanyama yaliyonivuta. Nilipofuata historia ya jambo hili kurudi nyuma, nilijikuta nimeshuka Barabara ya Mombasa, hii hii inayopita hapa Emali na malori yake usiku kucha. Ifuate hadi Mombasa, pinda kaskazini hadi Malindi, ongeza kidogo, utafika Ras Ngomeni. Baharini pale ndipo iliporushwa setilaiti iliyogundua kitu ambacho hadi leo kinazitoa jasho mashine hizi.

Tuanze na namba zenyewe. Wanakosmolojia wanaueleza ulimwengu kwa namba chache wanazoziita parameta. Mbili zitatutosha. Ya kwanza inaitwa Omega-m: katika jumla ya vyote vilivyomo ulimwenguni, maada ni sehemu gani? Kipimo cha setilaiti ya Planck, kilichotolewa 2018, kinasema 0.315, yaani kama asilimia 31 na nusu. Zinazobaki ni nishati ya giza. Na katika hiyo 31, maada ya kawaida, yaani atomu, vitu kama mimi na wewe na mawe ya Ukambani, ni kama 5 tu. Iliyobaki ni maada ya giza, ambayo haitoi mwanga wala haiuzuii, tunaijua kwa mvutano wake peke yake.

Namba ya pili ni sigma-8. Hii ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kukoroga uji. Uji mmoja ni laini, mwingine una madonge. Sigma-8 inapima madonge ya ulimwengu: maada imejikusanya kwa kiasi gani sehemu moja na kuacha nyingine tupu. Planck inasema ni kama 0.81. Namba hizi haziandikwi popote angani. Zinatafutwa kwa kubahatisha kwa adabu: unachukua namba fulani, unakokotoa ulimwengu wa aina hiyo ungeonekanaje, unalinganisha na unaouona, unarekebisha.

Sasa twende Ngomeni.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana kushirikiana katika mradi wa San Marco. Kiongozi wake alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na afisa wa jeshi la anga. Waitaliano walisimamisha majukwaa yenye miguu ya chuma katika ghuba karibu na Ngomeni, moja la kurushia roketi na jingine la kuongozea shughuli. Kwa nini huku? Kwa sababu ya ikweta. Dunia inazunguka kwa kasi zaidi ikwetani, kwa hiyo roketi inapata msukumo wa bure kuelekea mashariki, na mashariki pale ni bahari tupu, hakuna wa kuangukiwa na mabaki. Kisha kuna sababu iliyowagusa wanasayansi wa eksirei moja kwa moja: setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, chini chini, inakwepa sehemu kubwa ya mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia. Vifaa vya kuhesabu eksirei vikipita kwenye mionzi hiyo vinajaa kelele na kuwa kama redio iliyopoteza stesheni.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Marekani iliyoitwa rasmi SAS-1, kwa roketi aina ya Scout. Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na nchi nyingine. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka 7 ya uhuru siku hiyo, na Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo NASA, akaipa jina Uhuru. Jina hilo limebaki katika vitabu vya fizikia hadi leo, na vyanzo vya eksirei bado vinaitwa kwa herufi 4U na namba zake. U hiyo ni Uhuru. (Wanafunzi wangapi wa fizikia nchini wanaambiwa hivyo darasani? Mimi nilimaliza shahada ya kompyuta bila kulisikia hata mara moja.)

Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazimeza zote, na hilo ni jema kwa afya zetu. Kabla ya Uhuru watafiti walirusha roketi ndogo zilizopanda juu, zikachungulia kwa dakika chache na kuanguka. Riccardo Giacconi na wenzake waligundua chanzo cha kwanza nje ya mfumo wa Jua kwa njia hiyo mwaka 1962. Uhuru ilikaa juu ikijizungusha polepole na kufagia anga yote hadi 1973. Orodha ya nne ya matokeo yake, iliyochapishwa 1978, ina vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Watu wengi wakisimulia Uhuru wanakimbilia Cygnus X-1 na mashimo meusi. Sawa, ni habari tamu. Lakini kwa mada yetu ugunduzi muhimu ulikuwa mwingine, na hausimuliwi sana. Uhuru ilitazama makundi makubwa ya galaksi, kama yale ya Coma na Perseus, mamia ya galaksi yaliyoshikana kwa mvutano, ikaona kwamba eksirei hazitoki kwenye nukta moja, kwenye galaksi moja yenye hasira katikati. Zimetapakaa. Nafasi iliyo kati ya galaksi, ambayo kwa darubini za kawaida ni giza tupu, inang'aa.

Ni nini kinachong'aa? Palikuwa na majibu zaidi ya moja. Wengine walisema ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Wengine walisema ni elektroni za kasi zinazogongana na mwanga hafifu uliojaa ulimwenguni. Jibu lilipatikana mwaka 1976 kupitia setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliyoona katika eksirei za kundi la Perseus alama ya chuma. Chuma kilichochemka kiasi hicho kinatoa eksirei za nishati yake maalumu, kama sahihi ya mtu. Kwa hiyo ni gesi, ni ya moto, na ndani yake mna chuma kilichopikwa na nyota na kutupwa nje. Na Ariel 5 nayo ilirushwa wapi, tarehe 15 Oktoba 1974? Ngomeni, jukwaa lile lile!

Gesi hiyo ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za galaksi za kundi zikijumlishwa. Fikiria hilo. Karne nzima watu walikuwa wakihesabu nyota wakidhani wanahesabu maada ya kawaida, kumbe nyingi ilikuwa kwenye gesi ambayo hakuna jicho limewahi kuiona.

Sasa ugunduzi huu unahusianaje na Omega-m? Mwaka 1993, Simon White, Julio Navarro, August Evrard na Carlos Frenk walichapisha katika jarida la Nature hoja moja fupi ambayo mimi naiona kama mojawapo ya hoja safi kabisa katika kosmolojia. Nitaieleza kwa chakula cha kwetu. Mna sufuria kubwa la muthokoi kwenye harusi. Unataka kujua mpishi alitia mahindi kiasi gani kwa kila kilo ya maharagwe. Huhitaji kumwaga sufuria lote. Teka upawa mmoja mkubwa kutoka katikati, hesabu mahindi, hesabu maharagwe, gawanya. Upawa ukiwa mkubwa wa kutosha na chakula kikiwa kimechanganyika, jibu la upawa ndilo jibu la sufuria.

Kundi kubwa la galaksi ndilo upawa. Ni zito kiasi kwamba karibu kila kilichoingia kimebaki ndani. Kwa eksirei unapima gesi, unaongeza nyota, unapata maada ya kawaida. Kwa mvutano unapima uzito wote, pamoja na maada ya giza. Ukigawanya, unapata uwiano. Na kiasi cha maada ya kawaida katika ulimwengu mzima kilishajulikana kwa njia nyingine, kutokana na elementi nyepesi zilizopikwa dakika za kwanza baada ya Mlipuko Mkuu. Ukiwa na vyote viwili, Omega-m inatoka kwa hesabu ya darasa la nane. Kwa namba za leo: 0.049 gawanya kwa 0.315, maada ya kawaida ni kama asilimia 16 ya maada yote.

Tatizo ni kwamba mwaka 1993 wanadharia wengi walipenda ulimwengu ambao Omega-m ni 1 kamili, kwa sababu hesabu zake zinapendeza. Kundi la Coma lilikataa. Lilikuwa na maada ya kawaida nyingi mno kwa ulimwengu wa namna hiyo. Ama fizikia ya dakika za kwanza imekosewa, ama Omega-m ni ndogo, karibu na 0.3. Miaka mitano baadaye, 1998, vikundi viwili vilivyopima supanova za mbali vilikuta upanuzi wa ulimwengu unaongeza kasi, na ile namba ndogo ikapata nyumba.

Kuna kitu katika hoja ile kinachotupeleka kwenye kompyuta. Waandishi walijuaje kwamba upawa ni wa haki, kwamba gesi haikujikusanya ndani ya kundi kuliko inavyostahili? Walitumia simulesheni.

Historia ya simulesheni za galaksi inaanza kabla ya kompyuta, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu siwezi kuipita. Mwaka 1941 Msweden mmoja, Erik Holmberg, alitaka kujua galaksi mbili zikipishana karibu karibu zinafanyana nini. Alipanga balbu 74 mezani, 37 kwa kila galaksi. Mwanga wa balbu unapungua kwa mraba wa umbali, na mvutano nao unapungua kwa mraba wa umbali. Basi akapima mwanga kila mahali kwa fotoseli, akauchukua kama mvutano, akasogeza kila balbu kidogo kulingana na hesabu, akapima tena, akasogeza tena. Hiyo ni programu kamili, ina kitanzi na hatua za muda, ila kompyuta ni yeye mwenyewe na swichi ya taa!

Baada ya hapo ni hadithi ya namba kukua. Mwaka 1985 Davis, Efstathiou, Frenk na White walitumia chembe 32,768 kujaribu ulimwengu wa maada ya giza iliyo baridi. Simulesheni ya Millennium ya mwaka 2005, iliyoendeshwa Ujerumani, ilikuwa na chembe bilioni 10. Lakini hizo zote zilikuwa za maada ya giza peke yake, ambayo ni rahisi: inavutana tu. Gesi ndiyo kisirani. Gesi inapoa, inapata joto, inageuka nyota, nyota zinalipuka na kuisukuma nje, shimo jeusi katikati linaimeza kidogo na kuitapika kwa nguvu. Hakuna kompyuta inayoweza kufuatilia mlipuko wa nyota moja moja na wakati huo huo kubeba boksi lenye upana wa mamilioni ya miaka ya nuru. Kwa hiyo mwandishi wa programu anaweka kanuni za makadirio: nyota zikizaliwa kiasi hiki, sukuma gesi kwa kasi hii. Ni fizikia, ndiyo, lakini ni fizikia iliyopitia kichwa cha mtu. Sisi tunaoandika programu tunajua maana yake. Kila namba iliyoandikwa mle ndani kuna siku mtu alikaa akaamua iwe hiyo.

Kujifunza kwa mashine kuliingia hivi. Njia ya kawaida ilikuwa kuchukua ramani ya galaksi, kuikandamiza kuwa takwimu chache, kisha kulinganisha na nadharia. Ukikandamiza unapoteza. Mwaka 2016 Siamak Ravanbakhsh na wenzake walionyesha kwamba unaweza kuupa mtandao wa neva boksi zima la maada ya giza kama lilivyo, na mtandao ukajifunza wenyewe kutaja Omega-m na sigma-8 za boksi hilo. Mwaka 2019 Janis Fluri na wenzake wa ETH Zürich walifanya hivyo kwa data halisi, ramani za jinsi mwanga wa galaksi za mbali unavyopindishwa na maada iliyo njiani.

Ndipo wakaja Ngamia. Mradi wa CAMELS, ulioongozwa na Francisco Villaescusa-Navarro na wenzake, ulitangazwa mwaka 2020 ukiwa na simulesheni 4,233. Kila moja ni boksi lenye upande wa takriban miaka ya nuru milioni 120, dogo kwa viwango vya kosmolojia. Kundi kama Coma halipatikani humo kabisa, na hilo lishikeni. Badala ya boksi moja kubwa walitengeneza ulimwengu mdogo maelfu, kila mmoja na namba zake. Omega-m inatoka 0.1 hadi 0.5, sigma-8 inatoka 0.6 hadi 1.0, na kuna namba nyingine nne za kuongeza au kupunguza nguvu za supanova na mashimo meusi. Kwa mtu wa kufundisha mashine hii ni paradiso: mifano maelfu, na kila mmoja una jibu lake sahihi.

Jambo la busara zaidi walilofanya ni kutoamini programu moja. Sehemu ya simulesheni zenye gesi ilitengenezwa kwa fizikia ya IllustrisTNG, inayotumia programu ya Volker Springel iitwayo AREPO. Sehemu nyingine ilitengenezwa kwa fizikia ya Simba. Simba ni kazi ya Romeel Davé na wenzake, ilichapishwa 2019, na Davé aliwahi kufanya kazi miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Simulesheni yake iliyotangulia iliitwa Mufasa. Sasa mmeelewa jina lilikotoka :-) Tofauti yao kubwa ni mashimo meusi: katika Simba yanarusha mikondo inayoweza kupeleka gesi mbali sana, nje kabisa ya galaksi ilikotoka.

Mwaka 2022 timu hiyo ilitoa makala yenye kichwa kinachouliza kama kosmolojia inawezekana kwa galaksi moja. Walichukua galaksi moja tu kutoka kwenye boksi, wakaupa mtandao orodha ya sifa zake: uzito wa nyota, gesi, shimo jeusi, kasi ya kuzunguka, wingi wa elementi nzito na kadhalika. Mtandao ukataja Omega-m ya ulimwengu mzima kwa usahihi wa kama asilimia 10. Galaksi moja! Kwa sigma-8 haukuambulia kitu, na hilo linaeleweka, donge moja haliwezi kukuambia uji wote una madonge mangapi.

Habari ilienea na wengi walipiga makofi. Mimi nataka tuulize umejuaje. Waandishi wenyewe walieleza kwamba Omega-m inabadilisha kiasi cha maada ya giza ndani ya galaksi, na sifa nyingine zinafuata. Nadhani tunaweza kwenda hatua moja zaidi. Katika simulesheni hizo kiasi cha maada ya kawaida kilifungwa kwenye 0.049 kila mahali. Ukiongeza Omega-m, unaongeza maada ya giza peke yake. Kwa hiyo mtandao ukitazama kasi ya kuzunguka, inayopima mvutano wote, na ukatazama nyota na gesi, unaweza kupata uwiano. Kwa maoni yangu huo ni upawa wa muthokoi wa mwaka 1993, umegunduliwa upya na mashine ambayo haijasoma Nature.

Ila upawa sasa ni mdogo mno. Kundi la Coma ni sufuria lenye kifuniko kizito, kila kitu kimebaki ndani. Galaksi moja ni kisufuria kinachochemka na kufurika. Supanova na shimo jeusi vimeshamwaga sehemu kubwa ya gesi nje, na kiasi kilichomwagika kinategemea, katika simulesheni, zile kanuni zilizoandikwa na mtu. Kwa hiyo haikunishangaza kusoma kilichofuata katika makala ile ile: mtandao uliofunzwa kwa galaksi za IllustrisTNG ulipopewa galaksi za Simba ulikosea vibaya. Na kinyume chake vivyo hivyo.

Tuseme mtu amefundisha programu kukisia uzito wa ng'ombe kwa picha, na picha zote amezipiga Kiambu, ng'ombe wa maziwa weusi na weupe wamesimama kwenye majani mabichi. Alama zake ni nzuri sana akijipima kwa picha nyingine za Kiambu. Sasa mleteeni kwenye soko la mifugo la hapa Emali, ng'ombe wana nundu, vumbi kila mahali, na mfugaji Mmaasai ameshika fimbo mbele ya kamera. Programu itataja uzito kwa kujiamini kabisa, na itakuwa inasema upuuzi. Dalali wa hapa, kwa kumtazama ng'ombe na kumpapasa mgongo, ataishinda kabla ya saa tatu asubuhi.

Hatari kwa kosmolojia ni kubwa kuliko ya ng'ombe. Ng'ombe unaweza kumpandisha kwenye mizani. Ulimwengu halisi hauna mizani ya pembeni ya kuthibitisha jibu la mtandao. Na tukiukubali tu kwa sababu umefaulu mtihani wa boksi ulilofunzwa, tutachapisha namba ya ulimwengu ambayo kwa kweli ni namba ya AREPO au ya Simba. Kwangu hapa ndipo kazi hii inapokuwa sayansi au inapobaki mchezo wa kompyuta.

Wenyewe wanalijua, na wamelifanyia kazi. Familia nyingine za simulesheni ziliongezwa, ikiwemo Astrid, ambayo galaksi zake zinatofautiana zaidi kati ya boksi moja na jingine. Mwaka 2023 Natalí de Santi na wenzake walifanya jambo ambalo kama mhandisi nalisifu: walipunguza data badala ya kuongeza. Walitupa nyota, gesi na mashimo meusi, wakabaki na galaksi ziko wapi na zinakwenda kwa kasi gani. Mtandao uliofunzwa kwa Astrid ukaweza kukisia Omega-m za familia nyingine, Simba na IllustrisTNG zikiwemo, kwa usahihi wa kama asilimia 12. Galaksi moja haitoshi tena, unahitaji boksi zima. Lakini jibu linavuka kutoka programu moja hadi nyingine, na mahali galaksi ilipo na mwendo wake vinatawaliwa zaidi na mvutano kuliko na fujo za gesi. Mradi mwingine, SimBIG, wa ChangHoon Hahn na wenzake, ulitumia galaksi halisi zaidi ya 100,000 za uchunguzi uitwao BOSS, na kabla ya kugusa data halisi walijipima kwanza kwa simulesheni zilizotengenezwa kwa njia tofauti na za mafunzo. Huo ndio utaratibu ninaouamini.

Majirani zetu wamo pia. Sultan Hassan, mwanaastrofizikia kutoka Sudan aliyesomea uzamivu Western Cape, aliongoza mwaka 2022 kazi iitwayo HIFlow, iliyotumia data za Ngamia kutengeneza ramani za gesi ya haidrojeni na kukisia parameta huku ikihesabu kutokuwa na uhakika kwa fizikia ya galaksi. Ramani za haidrojeni ndizo zinazosubiriwa kutoka kwa darubini ya redio ya SKA, ambayo ujenzi wake Afrika Kusini na Australia ulizinduliwa Desemba 2022. Kenya ni mojawapo ya nchi 8 washirika wa Afrika katika mradi huo. Mwanafunzi wa hapa anayetaka kuingia mlango huu asidhani ni lazima aanze na kompyuta kubwa ya Marekani. Data za Ngamia zilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Zote ni mamia ya terabaiti na hakuna bando la simu litakalozimaliza, lakini orodha za galaksi ni majedwali ya namba ambayo laptopu ya kawaida inayamudu, na kuna njia ya kuendesha programu yako kule kule data ziliko bila kuzipakua.

Na ile gesi? Mwaka 2024 Boryana Hadzhiyska na wenzake waliunganisha ramani za darubini ya ACT iliyokuwa Atacama, Chile, na galaksi zilizochorwa kwa ajili ya mradi wa DESI. Hawakutumia eksirei. Walitazama jinsi gesi inayosafiri inavyobadilisha kidogo mwanga wa kale unaotoka nyuma yake. Walikuta gesi imetawanyika mbali zaidi ya maada ya giza, zaidi ya inavyotabiri IllustrisTNG. Iliyokaribia ukweli ni Illustris ya zamani, toleo lililotangulia, lile ambalo waandishi wake walilirekebisha kwa sababu mashimo meusi yake yalionekana kufukuza gesi kwa nguvu kupita kiasi! Sasa kuna mitandao ya neva iliyofunzwa kwa maelfu ya boksi za toleo jipya, na wenye nazo wana kazi ya kuangalia upya ni majibu yapi yanategemea gesi hiyo na yapi hayaitegemei.